Neno Kata: Maana Zake, Asili Zake na Matumizi Yake, kwa Mtazamo kutoka Muze, Bonde la Rukwa

1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unachunguza neno moja tu la Kiswahili, nalo ni kata. Ni neno la silabi mbili na herufi nne. Mtoto hulijua kabla hajaanza shule, na mtu mzima hulitumia mara nyingi kwa siku bila kulifikiria. Hata hivyo, mtunga kamusi akifika kwenye neno hili hulazimika kusimama, kwa sababu ndani ya umbo hilo moja mna maana nyingi zisizofanana. Itazamwe sentensi ifuatayo, ambayo imetungwa kwa ajili ya mjadala huu:

(1) Mwanamke wa kata ya Muze alitoka kisimani akiwa na kata kichwani na kata mkononi, akapita njia ya mkato ili alikute baraza la kata likikata shauri la shamba lake.

Msikilizaji wa Kiswahili haoni tatizo katika sentensi hii. Anajua mara moja kwamba kata ya kwanza ni eneo la utawala. Ya pili ni kitambaa au majani yaliyosokotwa duara, yanayowekwa kichwani ili mzigo ukae vizuri. Ya tatu ni chombo cha kuchotea maji. Ya nne ni eneo la utawala tena, na ya tano ni kitenzi chenye maana ya kuamua. Mkato, yaani njia fupi, ni mnyambuliko wa kitenzi hicho hicho. Mzungumzaji hachanganyikiwi. Anayechanganyikiwa ni mwanaisimu anapoulizwa: je, haya ni maneno mangapi, na yametoka wapi?

Muze imechaguliwa kwa sababu mbili. Kwanza, Muze ni kata ya Wilaya ya Sumbawanga, Mkoa wa Rukwa. Iko bondeni, chini ya ukuta wa milima uitwao Lyamba lya Mfipa. Vilele vya ukuta huo vinapita mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, ilhali Ziwa Rukwa liko kwenye takribani mita 800. Kwa mkazi wa huko, neno kata kwa maana ya utawala ni jambo la maisha: lina ofisi, lina shule, lina baraza. Pili, Muze iko mbali na mwambao. Mara nyingi uchunguzi wa asili ya maneno ya Kiswahili huanzia pwani na kuishia ng'ambo ya bahari, kana kwamba bara halina ushahidi wa kutoa. Mhadhara huu unajaribu kuonesha kwamba neno kata haliwezi kuelezwa bila ushahidi wa bara, na kwamba mabadiliko ya maana yake yanawagusa watu wa mahali kama Muze kuliko yanavyowagusa watunga kamusi.

2.0 Neno moja lenye maana nyingi, au maneno mengi yenye umbo moja?

Katika semantiki hutofautishwa hali mbili. Hali ya kwanza ni polisemia, ambapo neno moja lina maana kadhaa zenye uhusiano. Jicho la mtu na jicho la maji ni mfano mzuri, kwa kuwa maana ya pili imezaliwa na ya kwanza. Hali ya pili ni homonimia, ambapo maneno yenye asili mbalimbali yamekutana katika umbo moja. Kaa la moto na kaa wa baharini hawana undugu wowote. Wamekutana njiani tu.

Katika utungaji wa kamusi tofauti hii ina matokeo yanayoonekana kwa macho. Maana za polisemia huwekwa chini ya kidahizo kimoja na kupewa namba. Homonimu hupewa vidahizo tofauti. Hivyo mtunga kamusi anapoamua kutenganisha au kuunganisha, anatoa hukumu ya kihistoria hata kama hakusudii kufanya hivyo.

Vipimo vya kisarufi husaidia kidogo tu kwa neno kata. Kitenzi hujitenga kwa urahisi, kwa kuwa hupokea viambishi vya nafsi na wakati: anakata, walikata, hakati. Lakini nomino tatu zilizomo katika sentensi (1) hutumika zote katika ngeli ya I-/ZI-. Husemwa kata hii na kata hizi, iwe ni ya utawala, ya kichwani au ya maji. Upatanisho wa kisarufi hauzitengi. Kinachozitenga ni muktadha, na nyuma ya muktadha ni historia. Kwa hiyo kila moja itazamwe peke yake.

3.0 Kitenzi kukata

3.1 Dhana ya asili ya kigeni

Mwanafunzi aliyesoma Kiarabu kidogo hukutana na kitenzi qata'a, chenye maana ya kukata, na hukata shauri papo hapo kwamba Kiswahili kimekopa. Mwanafunzi aliyesoma Kiingereza naye huona neno cut na kupata wazo kama hilo. Jambo la kwanza la kujiuliza ni hili: ikiwa lugha tatu zina maneno yanayofanana, je, zote zilikopeshana? Neno la Kiingereza linadhaniwa kutokana na lugha za Kijerumani za kaskazini mwa Ulaya, na halina uhusiano na Kiarabu. Basi angalau mfanano mmoja kati ya hii ni wa bahati. Ukishakubali mmoja kuwa wa bahati, huwezi kuukubali mwingine kwa sababu ya sura peke yake. Unahitaji ushahidi.

Ushahidi wa kwanza ni wa kisarufi. Kwa kawaida vitenzi vilivyotoka Kiarabu huishia kwa irabu -i, -u au -e, na irabu hiyo haibadiliki. Husemwa anasafiri, asafiri, hasafiri. Anafahamu, afahamu, hafahamu. Anasamehe, asamehe, hasamehe. Kitenzi cha asili ya Kibantu huishia kwa -a, na irabu hiyo hubadilika: anakata, akate, hakati. Kukata kunafuata utaratibu huu wa pili bila kukosea. Vilevile kunanyambulika kama vitenzi vyote vya Kibantu: katia, katika, katwa, katisha, katana.

Ushahidi wa pili ni wa kifonolojia. Mzizi wa Kiarabu una konsonanti tatu, na ya mwisho ni ile inayotamkwa kooni, ayn. Maneno ya Kiarabu yenye konsonanti hiyo karibu na mwisho mara nyingi huacha alama katika Kiswahili kwa irabu mbili zinazofuatana, kama katika jamaa, manufaa na kinaa. Kitenzi kukata hakina alama hiyo.

Ushahidi wa tatu ndio mzito zaidi, nao unatoka bara. Kinyarwanda kina kitenzi gukata, na Kilingala kina kokata, vyote kwa maana ya kukata. Lugha hizi zilikua mbali na misikiti na bandari za mwambao. Kudai kwamba kitenzi cha msingi kama hiki kilitoka Uarabuni, kikapita pwani, kisha kikafika hadi ukingoni mwa Mto Kongo ni kuongeza safari isiyo na sababu. Maelezo mepesi zaidi ni kwamba lugha hizi zimerithi kitenzi hicho pamoja.

3.2 Upanuzi wa maana

Maana ya msingi ya kukata ni kutenga kitu kwa chombo chenye makali. Kutoka hapo maana zimepanuka katika njia tatu kuu.

Njia ya kwanza ni ya kukomesha. Hukatwa kiu, tamaa, simu na roho. Umeme hukatika, na mvua hukatika. Kwa mkulima wa mpunga au mahindi wa bonde la Rukwa, mvua kukatika mapema si sitiari ya kishairi; ni taarifa inayoamua kama nyumba itakuwa na chakula.

Njia ya pili ni ya karatasi. Husemwa kukata tiketi, kukata risiti, kukata leseni. Msingi wa matumizi haya ni kitabu cha stakabadhi: karatasi ilichanwa kutoka kitabuni, mlipaji akapewa kipande na kishina kikabaki. Kitendo cha mtoaji kikahamia kwa mpokeaji, hivyo leo abiria ndiye anayesema amekata tiketi. Siku hizi tiketi huweza kuja kwa simu bila karatasi yoyote kuchanwa, lakini kitenzi kimebaki. Lugha huhifadhi kumbukumbu ya chombo baada ya chombo chenyewe kuondoka.

Njia ya tatu ni ya kuamua. Husemwa kukata shauri na kukata hukumu. Upanuzi huu si wa Kiswahili peke yake. Katika Kiganda, kitenzi okusala ni kukata, na okusala omusango ni kuhukumu kesi. Katika Kilingala, kokata likambo ni kuamua shauri. Hata kitenzi cha Kiingereza decide kimetoka katika Kilatini, ambako mzizi wake ulimaanisha kukata. Inaonekana binadamu wa mahali pengi wameuona uamuzi kama panga: kabla yake mambo mawili yameshikana, na baada yake kila moja liko upande wake. Maana hii ya tatu ndiyo itakayorejewa katika sehemu ya mwisho, kwa kuwa ndiyo iliyoguswa na sheria.

4.0 Kata ya kichwani

Kata ya kichwani, ambayo wengi huiita pia ngata, ni duara la nguo, majani au nyasi. Mbebaji huiweka utosini kabla ya kujitwisha ndoo, kuni au tenga. Kwa kuwa huwa imesokotwa na wala haikukatwa, ni vigumu kuihusisha na kitenzi kukata. Hapa lugha ndugu zinatoa jibu lililo wazi.

Katika Kibemba, lugha ya jirani upande wa Zambia, kitu hicho huitwa inkata. Katika Kiganda ni enkata. Katika Kizulu, mbali kabisa kusini, ni inkatha. Kwa Wazulu neno hili lilipata uzito wa pekee, kwani duara kama hilo lilifanywa kuwa alama takatifu ya umoja wa taifa, na mwaka 1975 Mangosuthu Buthelezi alilitumia jina hilo kwa chama chake. Neno linalopatikana kutoka Ziwa Nyanza hadi Natal kwa umbo karibu moja na kwa maana moja haliwezi kuwa la juzi. Wanaisimu linganishi wa Kibantu wamelijenga upya kuwa sehemu ya msamiati wa lugha mame.

Swali linalobaki ni hili: nazali n iliyomo katika inkata imekwenda wapi katika Kiswahili? Jibu ni kanuni inayojulikana vizuri. Kiswahili kilipoteza nazali ya kiambishi cha ngeli mbele ya konsonanti zisizo ghuna. Kibemba husema inkoko, Kizulu husema inkuku, Kiswahili husema kuku. Uhusiano wa inkoko na kuku ndio uhusiano wa inkata na kata. Katika lahaja kama Kimvita nazali hiyo haikupotea bila kuacha alama. Iliacha mpumuo katika konsonanti iliyofuata, na ndiyo maana Kimvita hutamka kuku kwa k yenye mpumuo. Maandishi ya Kiswahili Sanifu hayaoneshi mpumuo huo.

Mabadiliko haya ndiyo yaliyosababisha mgongano. Katika Kibemba nomino inkata haiwezi kuchanganywa na kitenzi chochote, kwa sababu imevaa kiambishi chake. Katika Kiswahili imevuliwa, ikabaki kata, na umbo hilo lilikuwa tayari linatumiwa na kitenzi. Jambo la pili liliongeza mgongano huo kwa maneno mafupi kwa jumla. Lugha nyingi za Kibantu, Kifipa kikiwamo, hutumia toni kutofautisha maneno, lakini Kiswahili kimeacha toni na kutumia mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho. Maneno mafupi yaliyopoteza kiambishi na toni yao lazima yagongane. Wingi wa homonimu katika Kiswahili hauoneshi umaskini wa lugha. Umetokana na kanuni za sauti zilizofanya kazi kwa utaratibu.

Umbo la pili, ngata, linastahili neno moja zaidi. Kanuni ya Kiswahili iliyotajwa hapo juu ingetoa kata, haingetoa ngata. Umbo ngata linafanana na ingata ya Kinyarwanda, na hivyo linaelekeza kwenye mkopo kutoka lugha za jirani. Kwa maneno mengine, Kiswahili kina neno hili mara mbili: mara moja kwa urithi na mara moja kwa ujirani. Mwanamke wa Muze akiita ngata, na mwenzake wa pwani akiita kata, hakuna aliyekosea, wala hakuna mwenye haki ya kumsahihisha mwingine.

5.0 Kata ya kuchotea maji

Kata ya tatu ni chombo cha kuchotea maji mtungini au kisimani, ambacho kwa desturi hutengenezwa kwa kifuu cha nazi kilichotiwa mpini wa mti. Hiki ni chombo cha mwambao, kunakoota minazi. Kwenye nyanda za Ufipa chombo kama hicho ni cha kibuyu, na siku hizi mahali pengi ni kikombe cha plastiki au cha bati. Neno limesafiri kuliko kifaa chenyewe.

Ni rahisi kusema kwamba chombo hiki kimeitwa kata kwa sababu kifuu hukatwa. Maelezo hayo yanapendeza, lakini yanakosa kile kilichopatikana kwa kata ya kichwani, yaani safu ya maneno ya lugha ndugu yanayolingana kwa sauti na kwa maana. Kupendeza kwa maelezo si ushahidi. Kidahizo cha chombo hiki kinastahili kusimama peke yake.

6.0 Kata ya utawala

6.1 Asili

Mpangilio wa utawala wa Tanzania Bara, kutoka juu kwenda chini, ni mkoa, wilaya, tarafa, kata, kijiji na kitongoji. Majina haya yenyewe ni historia. Wilaya imetoka katika Kiarabu, ambako inahusu mamlaka. Tarafa nayo ni ya Kiarabu, kutokana na neno lenye maana ya upande au ukingo. Kijiji ni udogo wa mji. Kata ni nomino iliyotokana na kitenzi kukata kwa maana ya kugawa: ni kipande cha nchi kilichotengwa na vipande vingine. Uundaji wa nomino kutokana na kitenzi bila kuongeza kiambishi kinachosikika si mgeni. Kipimo cha urefu kiitwacho pima kimetokana na kupima kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hiyo, kati ya nomino tatu zilizojadiliwa, hii ndiyo pekee yenye undugu wa wazi na kitenzi. Pia ndiyo changa zaidi kwa umri. Mwaka 1963 sheria ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu. Katika Ufipa, ambako falme za Nkansi na Lyangalile zilikuwa na mipaka na majina yake, ngazi mpya za utawala zilihitaji majina mapya. Mwaka 1969 ilitungwa sheria ya kamati za maendeleo za kata, na Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) Namba 7 ya mwaka 1982 iliiweka kata mahali pake katika mfumo unaotumika hadi leo.

6.2 Kata, wadi na wodi

Neno la Kiingereza linalotafsiriwa kwa kata katika sheria hizi ni ward. Nalo ni neno fupi lenye maana nyingi: eneo la uchaguzi, chumba cha wagonjwa hospitalini, na mtoto aliye chini ya ulinzi wa mahakama. Maana hizo zote zimetoka katika dhana moja ya zamani ya kulinda. Kiswahili hakikulipokea neno hilo zima zima. Kililigawanya. Chumba cha wagonjwa kikawa wodi kwa kukopa sauti. Eneo la utawala, kwa Tanzania Bara, likawa kata kwa kutumia neno la nyumbani.

Matumizi hayakuwa sawa kila mahali. Nchini Kenya, kata ni eneo la chifu na kata ndogo ni eneo la naibu wake, ilhali eneo la mwakilishi katika bunge la kaunti, chini ya Katiba ya mwaka 2010, huitwa wadi. Zanzibar nayo hutumia wadi, na ngazi ya chini ni shehia inayosimamiwa na sheha. Hivyo taarifa ya habari inayosema "kata" jijini Nairobi na nyingine inayosema "kata" mjini Sumbawanga hazizungumzii kitu kimoja. Mfasiri asiyelijua hilo atakosea bila kuvunja kanuni hata moja ya sarufi.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba tafsiri hii imebadilisha taswira. Katika asili ya neno la Kiingereza, eneo hilo ni kitu kinacholindwa. Katika asili ya neno la Kiswahili, ni kitu kilichokatwa. Ukataji huo unaendelea. Mkoa wa Rukwa, ulioanzishwa mwaka 1974, uligawanywa mwaka 2012 na kutoa Mkoa wa Katavi.

6.3 Tahadhari

Kutajwa kwa Katavi kunaleta onyo la lazima. Mtu anaweza kuona silabi kata katika jina hilo na kudhani kwamba mkoa umeitwa hivyo kwa sababu ulikatwa. La hasha. Jina hilo ni la zamani na linahusishwa na Katabi, mzimu unaoheshimiwa na wenyeji wa eneo hilo. Kadhalika, katiba, katibu na mkataba zimetoka katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kuandika. Katu imetoka katika neno la Kiarabu la kukanusha. Na katani imetoka katika neno la Kiarabu la kitani. Hakuna hata moja kati ya hayo lenye undugu na kukata.

Upo pia mvuto wa kuunganisha kata ya utawala na kata ya kichwani, kwa hoja kwamba zote mbili hukaa chini ya mzigo. Watendaji wa kata wengi wangeikubali hoja hiyo kwa kicheko. Kama mzaha inafaa. Kama etimolojia, haina nguvu, kwa sababu zilizokwisha kuelezwa katika sehemu ya nne.

7.0 Maana inapobadilishwa na jamii na sheria

Asili ya neno haifungi maana yake ya leo. Mifano miwili inayoihusu kata ya utawala inatosha kuonesha hivyo.

Mfano wa kwanza ni shule ya kata. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari wa mwaka 2004 hadi 2009 ulikusudia kila kata iwe na angalau shule moja ya sekondari. Wananchi walichangia nguvu na fedha, na shule zikajengwa kwa wingi. Kwa maana ya kiutawala, shule ya kata ni shule iliyo katika kata na inayohudumia watoto wa kata. Lakini shule nyingi zilifunguliwa zikiwa na upungufu wa walimu, vitabu na maabara, na baada ya muda mfupi msemo huo ukabeba maana nyingine. Kusema mtu amesoma shule ya kata kukawa ni kusema amepata elimu duni. Neno lililotaja mahali likawa linataja daraja. Mabadiliko ya namna hii huitwa kushuka kwa maana, nayo hayakufanywa na kamati ya istilahi yoyote. Yalifanywa mabasini, sokoni na magazetini. Mtunga kamusi anayeandika maana ya kiutawala peke yake anamwacha msomaji wake nje ya mazungumzo. Anayeandika dharau bila kuieleza anaidhinisha dharau hiyo. Njia iliyo sahihi ni kuandika zote mbili na kuonesha ipi ni ya kebehi.

Mfano wa pili ni baraza la kata, na hapa inabidi kuirejea sentensi (1). Mabaraza ya kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985. Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi ya mwaka 2002 iliyapa nafasi katika mashauri ya ardhi. Baraza lilikuwa na wajumbe wasiopungua 4 na wasiozidi 8, watatu kati yao wakiwa wanawake, na liliweza kusikiliza madai ya ardhi yenye thamani isiyozidi shilingi milioni 3. Katika kipindi hicho ilikuwa sahihi kabisa kusema kwamba baraza la kata linakata shauri la shamba. Majina yote mawili, la mahali na la kitendo, yalikutana katika mzizi mmoja.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa. Mamlaka ya kuamua migogoro ya ardhi yaliondolewa kwa mabaraza ya kata, yakabakiwa na kazi ya kusuluhisha. Usuluhishi usipofikiwa ndani ya siku 30, mlalamikaji anaweza kwenda kwenye baraza la ardhi na nyumba la wilaya. Hivyo sentensi (1) ni sahihi kisarufi, lakini tangu mwaka 2021 si sahihi kisheria. Mwanamke huyo wa mfano hawezi tena kulikuta baraza la kata likikata shauri la shamba lake. Atalikuta likisuluhisha. Likishindwa, atalazimika kuiacha Muze, apande ukuta wa Lyamba kwa barabara ya Ntendo na kutafuta uamuzi Sumbawanga.

Wapo wanaoona kwamba mabadiliko hayo yamewaepusha wananchi na maamuzi ya watu wasio na elimu ya sheria. Wapo wanaoona kwamba yameongeza nauli na siku za kusubiri kwa mtu wa bondeni. Mhadhara wa isimu hauna mamlaka ya kumaliza mabishano hayo. Unachoweza kuonesha ni kwamba tofauti kati ya vitenzi viwili, kukata na kusuluhisha, ni tofauti ya mamlaka. Msuluhishi huwaunganisha waliotengana. Mwamuzi huwatenganisha walioshikana. Mwenye shamba asiyeijua tofauti hiyo anaweza kuondoka barazani akidhani shauri lake limekatwa, kumbe halijakatwa.

8.0 Hitimisho

Maswali yaliyoulizwa mwanzoni sasa yanaweza kujibiwa. Umbo kata limebeba maneno matatu. La kwanza ni kitenzi cha Kibantu kukata, pamoja na mtoto wake kata ya utawala. La pili ni kata ya kichwani, neno la kale la Kibantu lililopoteza nazali yake. La tatu ni kata ya kuchotea maji. Kati ya kitenzi na kata ya utawala pana polisemia; kati ya hayo na nomino nyingine pana homonimia. Kiarabu na Kiingereza havikuchangia umbo hilo, ingawa Kiingereza kilichangia hitaji la kulipa kazi mpya ofisini.

Kutokana na majibu hayo, mambo matatu yanapendekezwa kwa wanafunzi na wataalamu wa leksikografia. Kwanza, asili ya neno fupi la Kiswahili itafutwe katika lugha ndugu za bara kabla ya kuvuka bahari. Kibemba, Kiganda na Kinyarwanda vimetoa hapa ushahidi ambao usingepatikana kwa kuangalia mwambao peke yake. Kifipa, pamoja na lugha nyingine za bonde la Rukwa, kinastahili kukusanyiwa msamiati wake kwa nia hiyo hiyo wakati wazee wanaoujua wangalipo. Pili, kamusi zioneshe matumizi ya kieneo, ili msomaji ajue kwamba kata ya Kenya na kata ya Tanzania Bara si ngazi moja. Tatu, maana zilizobadilishwa na sheria zifuatiliwe na kuandikwa pamoja na mwaka wake, kama zinavyofuatiliwa zile zilizobadilishwa na washairi.

Kazi ya mwisho ni ya walimu. Mwanafunzi wa Muze anapouliza kwa nini ngata ya mama yake, ofisi ya mtendaji na kisu cha jikoni vyote vimekutana katika neno moja, asijibiwe kwamba ndivyo lugha ilivyo. Ameuliza swali la kitaalamu, na jibu lake lipo. Sehemu ya jibu hilo imo katika lugha anayoisikia nyumbani kwao.